Jiko la Kuni la Wifi Zuwena

Riyadh, Ijumaa, baada ya Magharibi. Baridi ya Januari, kavu, ya kupasua midomo. Jua lilikuwepo mchana kutwa lakini halikumsaidia mtu.

Nakuandikia, shajara yangu, kutoka chumba cha wageni cha mdogo wangu Nassor, mtaa wa Malaz, na nywele zangu zinanuka moshi. Nimeoga, nimejifukiza udi, moshi haujatoka. Mimi, mwalimu wa watoto wadogo, mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye jiko zuri la gesi kwake Jeddah, nanuka kama niliyeshinda kwenye karamu ya shamba.

Nianze mwanzo, ili hata anayeingia hapa leo kwa mara ya kwanza anielewe.

Mama yetu alizaliwa Unguja, akaja huku akiwa mke kijana baada ya yale ya mwaka sitini na nne. Sasa ana miaka themanini na kitu na macho yake yana ukungu. Tangu Baba afariki anakaa na mimi Jeddah, sisi wawili tu kwenye fleti ya ghorofa ya tatu. Sina mume wala mtoto. Nikirudi kutoka shuleni nikafungua mlango, sauti inayoniitikia ni yake.

Mwezi uliopita Nassor alikuja kumchukua. "Kwa wiki moja tu, dada. Naye apunge upepo." Wiki ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Kila nikipiga simu Mama ananiambia, "N'na kazi, mwanangu, nitakupigia," anakata, na hapigi.

Ana kazi?

Kazi gani ya mwanamke wa miaka themanini? Nilianza kushuku hapo hapo. Na mimi kushuku ninakujua; nikipewa zawadi naitafuta bei kwanza, kisha namtazama aliyenipa anataka nini. Wifi yangu Zuwena, mke wa Nassor, sina ugomvi naye wa kuonekana. Tunasalimiana sikukuu, tunapeana manukato. Lakini kwa miaka ishirini hakuwahi kumtaka Mama zaidi ya siku nne, na sasa wiki tatu hazimtoshi.

Kisha akanitumia picha. Mama amekaa kwenye kigoda, kanga mabegani, mbele ya jiko la chuma la rangi ya kijani lenye ukubwa wa kabati la nguo, milango minne, na bomba nene linalopanda mpaka darini. Jiko la kuni! Chini ya picha Zuwena aliandika, "Mama kapata rafiki." Niliitazama ile picha katika chumba cha walimu mpaka chai yangu ikapoa.

Sasa nisaidie kufikiri. Nyumba ya Nassor ina jiko la gesi lenye mafiga sita. Ina vipasha joto ukutani kila chumba. Watu kama hao wanakwenda kununua jiko la kuni katikati ya mji, watoboe dari yao, wachafue kuta zao, kwa sababu gani? Najua wenyeji wa Riyadh na kuni zao za baridi. Wakiona wingu moja tu wanakimbilia jangwani kuwasha moto, na asiyeweza kwenda jangwani anauleta moto sebuleni kwake. Lakini Zuwena si mtu wa jangwa. Zuwena ni mtu wa kuvaa glavu akimenya kitunguu maji.

Nikapata jibu moja tu. Ule ni mtego. Mama alikulia kwenye moto wa kuni, na anayetaka kumnasa Mama atamwekea moto wa kuni.

Bila kumuuliza mtu nikanunua tiketi za ndege za Jumamosi jioni, yaani kesho, kutoka Riyadh kwenda Jeddah. Moja yangu, moja ya Mama. Nikaja jana jioni na begi dogo na mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na zile tiketi, dawa za Mama za presha, na vidude vinne vya jiko langu la gesi, vile vya kuzungusha kuwasha na kuzima moto. Ndiyo, natembea navyo. Nitaeleza kwa nini, ila sasa hivi sina moyo.

Nilipofika sikuketi sebuleni. Nilikwenda moja kwa moja jikoni, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mikono ya Mama. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa masizi. Mama yangu, ambaye kwangu hata kikombe cha chai nakishika mimi mpaka kifike kwenye kiti chake!

Nikamgeukia Kanini, dada Mkenya anayefanya kazi pale, kwa jicho ambalo wanafunzi wangu wanalijua. Naye hakutishika.

"Madam, usiniangalie hivyo. Si mimi nimemweka hapo. Hapa shosho, huyu bibi yenu, ndiye bosi. Mimi nikitaka kuongeza kuni nangoja mpaka aseme yalla."

Sikumwamini. Mtu anayelipwa na Zuwena atasema ya Zuwena.

Kisha nikalikagua lile jiko. Nilikuwa nimesikia kuna majiko ya kisasa yenye moto wa picha, taa inachezacheza nyuma ya kioo na watu wanajidai wanaota. Nikafungua mlango wa chini nikatia kidole kwenye majivu. Yalikuwa majivu ya kweli, na kidole kikaungua. Nikagonga ubavuni, nikainama kutafuta bomba la gesi lililofichwa, nikatafuta waya. Kanini alikuwa ananitazama huku amebana kicheko. Alisema familia moja ya wageni waliokuwa wanahama walilivua kwenye nyumba yao wakamuuzia Nassor, na kulileta kulihitaji wanaume sita.

"Mimi hiki kitu kinanishangaza, madam," akasema. "Kwetu Kitui mama yangu ameharibu macho na moshi. Ndiyo nikakuja huku, nimnunulie gesi. Nafika huku, napata watu wa gesi wanatafuta kuni. Sasa nani ako sawa?"

Nilitamani swali hilo angeulizwa Zuwena.

Nikubali jambo moja, kwa kuwa hapa sidanganyi. Jana baada ya chakula nilisimama nikaligeuzia jiko lile mgongo, kwa dakika moja tu, nikijifanya nasubiri maji yachemke. Joto lake si la vipasha joto. Vipasha joto vinakukausha uso na miguu inabaki baridi. Hili linaingia kwenye kiuno taratibu na unasahau ulitaka kusema nini. Na watu hawaondoki. Nassor, ambaye siku zote hula na kwenda kwenye televisheni, alikaa pale juu ya gunia la kuni akimenya machungwa na kutupa maganda juu ya bamba la moto ili yanukie. Nilipogundua kwamba dakika yangu moja imekuwa nusu saa, nilizidi kuchukia. Mtego mzuri namna hii mtu hauweki bure.

Kitandani nilipanga namna ya kumwambia Mama habari ya tiketi. Nilipanga vizuri, na sababu zangu zilikuwa nyingi. Daktari wake yuko Jeddah, baridi ya huku itamletea kifua, moshi utamaliza macho yaliyobaki. Zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yangu.

Leo asubuhi Mama akakumbusha kwamba anataka mkate wa kumimina uliwe baada ya sala ya Ijumaa. Zuwena hajui kuupika. Mchele alikuwa ameuloweka tangu jana kwa amri ya Mama, Kanini akausaga na tui, hamira ikatiwa, iliki ikatiwa, unga ukaumuka vizuri. Kisha Zuwena akanipa mwiko, mimi mgeni, akasema kwa adabu zote, "Wifi, hapa nakuachia weye. Nielekeze tu, nami nipate kujua."

Hapa ndipo ninapoona haya.

Mkate wa kumimina unataka moto chini na moto juu. Wa chini unaunyanyua, wa juu unaukausha uso na kuutia rangi. Kina bibi walipanga makaa juu ya mfuniko. Mimi Jeddah namalizia kwenye oveni ya lile jiko langu la gesi, na Mama hula bila kusema neno. Anayeuacha na moto wa chini peke yake atatoa mkate mweupe juu, umelowa, wenye uso wa mgonjwa. Kila mpishi wa kwetu anajua. Zuwena hajui, mama yake alikufa yeye akiwa mdogo.

Nikamimina unga kwenye sufuria yenye mafuta moto, nikaiweka juu ya bamba la jiko, nikafunika.

"Bado nini tena, wifi?" akaniuliza.

"Hakuna," nikasema. "Funika, usubiri."

Nilisema vile makusudi. Hesabu yangu ilikuwa hii: mkate utatoka mbaya, Mama atautafuna kipande kimoja, atasema jiko hili halifai kitu, na mimi nitatoa tiketi kwenye mkoba. Nilikuwa tayari kuharibu mkate wa Mama yangu ili nimrudishe nyumbani.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa moto, ameweka mikono magotini. Baada ya muda akanyanyua pua.

"Moto wa juu mshatia?"

Zuwena akanitazama. Mimi nikatazama sufuria. "Bado kidogo, Mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa sauti ya mtu mkweli.

Mama aliinuka, mkono mmoja ukutani, akachukua koleo lililoning'inia mahali ambapo ni wazi alikuwa analiweka mwenyewe, akafungua mlango wa moto. Mwanga ukampiga usoni. Mimi nikaruka. Nilikwisha kufika nusu ya njia nikitaka kumnyang'anya lile koleo, na Zuwena akanishika mkono, kwa nguvu ambazo sikujua kwamba anazo.

"Mwache, wifi. Anajua."

Anajua kweli. Alitoa kaa moja, akalikung'uta majivu, akaliweka juu ya mfuniko. Akatoa la pili. Alianza pembeni, akazunguka, katikati akaacha wazi ili pasiungue. Pindo la kanga alikuwa amelichomeka kiunoni tangu zamani, kabla sijaliwaza. Macho yake hayaoni sura yangu nikisimama mlangoni, lakini hakuangusha kaa hata moja. Nilikuwa nimesahau kwamba Mama ni mrefu. Kwangu daima amekaa.

Mkate ulitoka na uso wa dhahabu, umejaa matundu kama inavyotakiwa. Nassor alirudi kutoka msikitini akala robo nzima peke yake. Mama alikata kipande cha kwanza akanipa mimi, na alipokuwa ananipa akaniinamia sikioni ili wengine wasisikie.

"Hukusahau," akaniambia. "Umeuficha."

Nilitafuna ule mkate na sikusikia ladha yake. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utotoni. Na hata pale, Mungu anisamehe, sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa inajiuliza kama Zuwena amesikia.

Baadaye, tulipokuwa tunaosha vyombo, nikamuuliza Zuwena waziwazi. Nilichoka kuzunguka. Nikamwambia, "Jiko hili umelinunua ili Mama asirudi kwangu?" Kanini akaacha kufuta sahani.

Zuwena alikausha mikono yake kwanza. Akasema jiko alilinunua Nassor kwa ajili ya rafiki zake wa majlisi, wanaokaa naye barazani nje jioni, lakini kulihamishia jikoni lilikuwa wazo lake yeye, siku alipomwona Mama amelifuata kule nje na kukaa nalo kwenye baridi. "Na ndiyo, nilitaka akae," akasema. "Sikatai. Mie sikupata wa kunifundisha kupika mkate. Lakini sikumzuia. Kila wiki Nassor humuuliza, naye hujibu bado."

Kwa hiyo sikukosea kabisa. Mtego ulikuwepo. Nilichokosea ni kudhani kwamba Mama hakuuona.

Sasa nieleze habari ya vile vidude vinne, moyo umepatikana. Mwaka juzi pindo la kanga ya Mama lilishika moto akichemsha chai. Lilizimwa kwa jagi la maji, hakuungua hata unywele, lakini mimi sikulala wiki nzima. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, navichomoa vile vidude kwenye jiko na kuvitia mkobani. Mama nilimwambia jiko lina kasoro, ni hatari, mimi peke yangu najua kuliwasha, na tunamsubiri fundi. Namwachia chai kwenye chupa na chakula kwenye hotipoti. Nikirudi namkuta amekaa pale pale, mikono magotini.

Miaka miwili tunamsubiri fundi.

Baada ya Alasiri watu walikuwa wamekwenda kupumzika na Mama amebaki na moto wake. Nikavuta gunia la kuni nikakaa karibu naye. Nilikuwa na tiketi mkononi. Nikamwambia nimekuja kumchukua, ndege ni kesho, kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kununua kitu chochote. Nikamuuliza anataka nini.

Alitia kijiti kimoja, akasikiliza kikishika.

"Jeddah n'nakaa," akasema. "Hapa n'nachochea."

Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya ningepata la kujibu. Nililia kidogo, na nikasingizia moshi, ingawa bomba lile linavuta moshi vizuri sana.

Kisha nikafungua mkoba, nikavitoa vile vidude, nikaviweka kwenye kiganja chake. Alivipapasa. Kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Akapitisha kidole pale vinapochomekwa. Nilijua kwamba alikuwa anavijua ni nini, na kwa muda wote ule wa miaka miwili alikuwa anajua viko wapi.

"Fundi kaja?" akaniuliza.

"Kaja, Mama."

Akavifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, kama anavyofunga vitu vyake vya thamani. Akasema baridi ikiisha atakuja navyo mwenyewe, Nassor atamleta, na atakapofika atavirudisha mahali pake kwa mkono wake. Nikamkumbusha kwamba baridi ya Riyadh inaweza kufika mpaka Machi. Mimi huko Jeddah, jiko halina vidude, nitapika na nini?

Mama akafungua mlango wa moto, akachochea.

"Msubiri fundi."

Alicheka mpaka akakohoa. Kanini alikuja mbio kutazama kuna nini, akatukuta tunacheka wawili, akarudi zake akitikisa kichwa.

Basi kesho narudi Jeddah peke yangu na kiti kitupu ubavuni. Najua naweza kuingia duka lolote la vyombo nikapata vidude vingine, vipo vya kila aina. Sitanunua. Nitakula mkate na jibini, nitakula kwa majirani, nitajua kukaa kwenye nyumba isiyo na moto kunakuwaje.

Na bado nashuku. Nashuku Mama alikwisha kulipanga jambo hili tangu siku ile Nassor alipomchukua, alipokataa kukaa kiti cha mbele kwenye gari na kusema anataka dirisha la nyuma, apate kunisikia vizuri ninavyorudi ndani peke yangu. Kesho nitakapomuaga nitamuuliza. Atasema ana kazi.